Laurenti na Watu wa Kibarazani

Na Bi Rehani Chitanda, jiko la ofisi kuu, Kilwa Masoko. Ameeleza kwa mdomo. Ameandika Debora wa Kitengo cha Kumbukumbu.

Bwana Laurenti Jerome Ngatuma, Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu katika Ushirika wa Vilima na Mwambao, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya kuutumikia ushirika wetu miaka thelathini na mmoja. Alikuja na nywele na hasira. Nywele zimekwisha.

Wakubwa wa jarida hili walitaka wasifu huu utolewe na mtu mwenye lugha ya ofisini. Wakatafuta, wakakuta wenye lugha hiyo wote wamekuja juzi, hawamjui. Ndipo wakafika jikoni. Nimekubali, lakini atakayeelezwa hapa ni Laurenti ninayemjua mimi, si yule wa kwenye hotuba. Anayetaka malaika aende kanisani kwao Kipatimu, wamechorwa ukutani.

Laurenti ni Mmatumbi wa vilimani, mtoto wa nne wa Mzee Jerome. Mimi ni Mmwera. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sisi ni watani, na utani wetu haujawahi kulala njaa. Aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika ghala la Miteja, na mizani yake haikuwa na ndugu. Mjomba wake mwenyewe alirudishwa na gunia la ufuta lenye mchanga. Mzee akapandwa na hasira, akaenda kumshitaki kwa padre. Padre akatia mkono ndani ya gunia, akautazama, akasema, "Mzee wangu, kapepete."

Ipo siku moja tu ambayo mizani ilimshinda. Binti mmoja wa Miteja, Natalia, alileta gunia lake la ufuta. Laurenti akalipima. Akasema sindano imetikisika, akalipima tena. Alipolipandisha mara ya tatu, wakulima kwenye foleni wakaanza kupiga makofi. Natalia akamwambia mbele ya watu wote, "Kaka, kama ni gunia limekupendeza, lichukue. Kama ni mimi, nyumbani kuna wazee." Haikupita muda, wazee wa Kipatimu wakateremka. Leo wana watoto watano na wajukuu ambao hakuna mizani ya kuwatosha.

Kutoka Miteja aliletwa hapa Masoko kutunza kadi za wakulima. Wakati huo kila mkulima alikuwa na kadi yake katika makabati ya mbao, na kila masika mchwa nao walikuwa wanachama. Ilipokuja kompyuta ya kwanza ilifunikwa godoro nyuma ya gari kama mgonjwa, na Laurenti aliipokea kwa mikono miwili. Kwa hofu ya vumbi akawa anaifunika kanga ya mkewe kila jioni. Natalia alikuja kuidai kanga yake, akaikuta imevikwa kompyuta, akaiacha. Alisema mwanamke mwenye akili hagombani na mke mwenza asiyekula.

Alikwenda mafunzo Mtwara, akaenda Dodoma, akarudi akatufundisha. Kadi zote akaziingiza kwenye ile kompyuta kwa mkono wake na wa vijana aliowafunza. Huo mfumo wa kwanza ulitutumikia miaka mingi, ukazeeka, na ukawa unakohoa kila ukiwashwa. Mwaka juzi bodi ikaamua tuhamie mfumo mpya. Hapo ndipo kazi ya Laurenti ilipoonekana, na hapo ndipo alipokosea kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kukosea. Nitayasema yote mawili, maana moja bila la pili ni uongo.

Kwanza mjue kilichokuwa hatarini. Asiye na mikorosho na aelewe: isipopuliziwa salfa kwa wakati, ubwiriunga unaingia, maua yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga, yanadondoka, na msimu wako umekwisha hivyo. Bodi ilitangaza kwamba mwaka ule salfa ya ushirika itagawiwa kwa wakulima waliomo kwenye mfumo mpya peke yao. Na mfumo wa zamani ulikuwa uzimwe mwisho wa Aprili, ukizimwa umezimwa. Ambaye hatakuwa amevuka mpaka siku hiyo, hana salfa, na ushirika hautakuwa na mahali pa kumkumbuka.

Akaletwa kijana mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Benjamin, suruali imembana, heshima anayo. Yeye na Laurenti wakakaa kutunga sheria za uhakiki. Maana yake ni hivi: kabla mtu hajaingia kwenye mfumo mpya, mashine inamkagua. Ana jina? Ana kijiji? Ana tarehe ya kuzaliwa? Namba yake ya simu ni yake? Asipotimiza, anakataliwa. Sheria moja Laurenti aliiandika mwenyewe na akajivunia: jina moja, shamba moja, mtu mmoja. Akitokea wa pili mwenye jina lile lile na shamba lile lile, akataliwe. Na kama wa kwanza ana alama ya marehemu, akataliwe bila maswali.

Mara ya kwanza walipohamisha, mashine ilimkuta mzee mmoja wa Kipatimu hana tarehe ya kuzaliwa, ikasimama, ikawarudisha watu wote elfu tisa walikotoka. Nikawauliza, jungu zima la ubwabwa mnalimwaga kwa sababu ya jiwe moja? Benjamin akasema, "Bibi, hiyo ndiyo kanuni." Nikamwambia kanuni hiyo haijawahi kupika shughuli.

Mara ya pili wakabadilisha. Wakaiambia mashine ikikuta mwenye kosa imruke, iendelee. Ikaenda mbio, ikafika mwisho, ikaandika kwamba kazi imekamilika. Tukanywa soda. Meneja wetu, Bwana Boniface, akaitaarifu bodi kwamba wakulima wamehama salama. Mimi mwenyewe nilikaanga mihogo ya pongezi siku ile. Najuta mafuta yangu.

Mihogo haijapoa tumboni, akaja Warda.

Alitoka Njinjo, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti wa Laurenti, matope mpaka magotini, kanga imefungwa kiunoni kwa ajili ya vita. Alikuwa amekwenda ghalani kwao kuhakikisha jina lake ili apate salfa, akaambiwa halimo. Akaingia kwa Laurenti na adabu zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Jina lako nani?"

"Salima Mkwanda, wa Njinjo."

Laurenti akabonyeza, akasoma, akavua miwani. "Salima Mkwanda alifariki mwaka jana."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemwosha."

"Sasa wewe ni nani?"

"Salima Mkwanda."

Benjamin akashindwa kujizuia. "Dada, mfumo unasema umeshakufa."

Warda akamgeukia. "Mfumo wako mbona hatukuuona matangani? Kila mtu alikuja na chochote."

Laurenti akataka kumtuliza. Akamweleza taratibu kwamba mwenye shamba ni marehemu, na marehemu hawezi kugawiwa salfa. Warda akamjibu kwa heshima ile ile aliyoingia nayo. "Sawa, baba. Basi mpelekee yeye barua aje apulizie. Mimi nitamshikia bomba."

Nilikuwa nimesimama na sinia la chai, nikaona huyu Mmatumbi asiposaidiwa atashinda hapo. Nikamwambia, "Laurenti, kwetu sisi mtu akifa anazikwa mwili. Jina halizikwi."

Ndivyo ilivyo kwetu na ndivyo ilivyo Njinjo. Siku ya kuondoa tanga wazee wanakaa, wanamchagua mmoja katika ukoo, wanamkalisha mkekani, wanampa jina la marehemu. Tangu siku hiyo yeye ndiye. Watoto wa marehemu wanamwita mama hata kama wamemzidi umri, na mikorosho ya marehemu inakuwa mikononi mwake aitunze. Warda alizaliwa Warda. Bibi yake Salima alipokufa, alirithishwa jina la bibi, na shamba la bibi likaja naye. Pale ofisini sisi tuliendelea kumwita Warda kwa ajili ya Benjamin, ambaye kichwa kilikuwa kinamuuma. Ushirika ulipopata habari za msiba, karani wa Njinjo alimtia bibi alama ya marehemu. Ilipokuja habari ya mrithi, akamwandika Salima Mkwanda, mwenye shamba lile lile. Karani hakukosea. Warda hakukosea. Aliyewakuta wawili na kumtupa aliye hai ni sheria ya Laurenti.

Hapa nataka vijana mnaosoma jarida hili msome polepole. Laurenti hakumuuliza Benjamin namna ya kumpitisha Warda. Alimuuliza hivi: "Wangapi wamekataliwa kama huyu?"

"Mfumo umewaruka wenye makosa, mzee."

"Wangapi?"

"Hatukuuambia uhesabu."

"Majina yao yako wapi?"

"Hatukuuambia uyaweke."

Laurenti akawasha mfumo wa zamani, akauweka ubavuni mwa mpya, akaanza kulinganisha kijiji kwa kijiji. Warda alikaa kwangu jikoni akila, maana hakuwa na pa kwenda mpaka lije gari la Liwale linalopita kwao. Jioni ikajulikana. Watu mia nne na ushee walikuwa wameachwa njiani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewasikia wakianguka.

Laurenti akaenda kwa meneja. Bwana Boniface si mtu mbaya, lakini alikwisha kusema mbele ya bodi kwamba mambo ni salama, na mtu akishasema hivyo masikio yake hupungua. Akamwambia, "Laurenti, mia nne katika elfu tisa ni wachache."

"Ni wachache ukiwa mbali nao," Laurenti akajibu. "Mmoja yuko jikoni kwa Bi Rehani, nenda ukamwambie yeye ni wachache."

"Umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima. Unajitafutia nini? Iliyobaki ni sahihi yako tu."

"Sisaini."

Alilisema bila kupandisha sauti. Kuta zetu ni nyembamba, nililisikia kutoka jikoni, na Warda akalisikia, akaweka kikombe chini. Bila sahihi ya mkuu wa kumbukumbu, mfumo wa zamani usingezimwa na mkataba wa mfumo mpya usingefungwa. Alijua atakavyosemwa, na alisemwa. Wapo waliomwita mzee anayeogopa mambo mapya, huyu aliyeivika kompyuta kanga ya mkewe! Wapo waliosema anavuta muda asistaafu. Nilikuwa nawawekea chai yao bila sukari.

Kesho yake aliitisha kikao na Benjamin. Akamuuliza kwao Temeke mgeni wasiyemjua akibisha hodi wanafanyaje. Benjamin akasema siku hizi wanachungulia dirishani. Laurenti akasema, "Sisi tunamkaribisha kibarazani. Hatumpeleki chumbani, hatujamjua. Hatumfukuzi, hatujamsikiliza. Anakaa, anapewa maji, anaulizwa. Mashine yako inajua chumbani na inajua barabarani. Kibaraza haina."

Benjamin, na hili nampa sifa zake, alielewa hapo hapo. Akasema huko chuoni kwao lipo, linaitwa jedwali la kusubiri. Laurenti akamwambia aliite atakavyo, yeye ataliita Kibarazani, na mpaka leo ndilo jina lake hata kwenye kompyuta.

Kila aliyekataliwa akawekwa humo kama alivyokuja, bila kuguswa. Pembeni yake pakaandikwa kosa lake ni lipi kwa Kiswahili cha kueleweka, nani atakwenda kumwuliza, na amejibu nini. Amri ya Laurenti ilikuwa moja: alichosema mtu kibaki kama alivyokisema, sahihisho likae pembeni yake pamoja na jina la aliyesahihisha. Hakuna kufutia juu.

Mkikaa na hao watu wa Kibarazani mnajifunza nchi yenu. Wengi walikuwa hawana tarehe ya kuzaliwa. Benjamin akashauri wote waandikiwe tarehe mosi Januari, mambo yaende. Nikamuuliza, tukizaliwa Kilwa nzima siku moja, nani alimpikia mwenzake uji wa uzazi? Laurenti akakataa pia, kwa maneno ya kisomi. Akasema pengo ni ukweli, tarehe ya kubuni ni uongo, na uongo ukishaingia kwenye mfumo haujulikani tena na ukweli. Wakaruhusiwa waandike mwaka wa kukadiria, na iandikwe wazi kwamba ni wa kukadiria.

Miteja ilikuwa kichekesho. Wakulima wengi wa huko walikataliwa kwa sababu walitoa namba moja ya simu, namba ya Bashiru mwenye duka. Nao walikuwa na haki, kwani simu iliyokuwa na chaji sikuzote ni ya Bashiru, na ukitaka kumpata mtu unampigia yeye, anamtuma mtoto akamwite. Ofisi ilipotuma ujumbe wa majaribio, simu yake ililia mfululizo mchana kutwa, kila ujumbe unaanza "Ndugu mkulima." Bashiru akapanda bodaboda mpaka hapa, akaiweka mezani. "Itoeni pepo," akasema, "wateja wananikimbia." Tulicheka, lakini Laurenti aliandika: namba ya kuitia mtu isihesabiwe kuwa namba ya mtu. Wakapita.

Waliobaki ilibidi waendewe. Ilikuwa masika, na mnaijua njia ya Kipatimu ikinyesha, hata mbuzi hushika ukuta. Laurenti na kiuno chake kibovu alipanda pikipiki, Benjamin nyuma amekumbatia kishikwambi kilichofungwa kwenye mfuko wa sukari. Walianguka njiani. Benjamin alipiga picha, Laurenti akamwambia akiituma popote watazikana. Kwenda Njinjo walingoja mto Matandu ushuke, wakavuka, wakafika nyumbani kwa akina Warda.

Laurenti hakwenda kumfanyia hisani Warda. Alikwenda kuuliza sheria ya watu ili airekebishe sheria ya mashine. Wazee wakaitwa. Alikuwepo Mzee Mikaeli, kaka wa marehemu, meno mawili, macho makali. Laurenti akamwonyesha Warda. "Mzee wangu, huyu ni nani wako?"

"Dada yangu."

"Wa tumbo moja?"

"Tumbo moja. Mimi ndiye niliyemfuata."

Benjamin akamtazama mzee, akamtazama Warda, akakifunga kishikwambi na kucheka mpaka akakaa chini. Mzee Mikaeli akauliza huyu kijana anaumwa nini. Warda akamwambia, "Muache, kaka. Ndiye aliyesema nimekufa." Mzee akasikitika. Akaagiza kijana apewe muhogo, pengine ni njaa.

Waliporudi, Bwana Boniface mwenyewe, nadhani baada ya kuona hali ya pikipiki, alimwambia Laurenti amwingize Warda kwa mkono tu, yaishe. Laurenti akakataa. "Nikimpitisha huyu kwa mkono wangu, atakayerithi jina mwakani atapita kwa mkono wa nani? Mimi sitakuwepo." Akakaa na Benjamin wakaivunja ile sheria yake ya jina moja, mtu mmoja. Wakaweka mahali pa jina la kuzaliwa, mahali pa jina la kurithi, na mahali pa kuandika limerithiwa kwa nani. Marehemu akabaki marehemu, mrithi akabaki mrithi, na uzi ukapita katikati yao. Kisha wakawapitisha tena wote wa Kibarazani. Kumbe Warda hakuwa peke yake. Warithi walikuwa kadhaa, Njinjo, Kipatimu, hata huku pwani, wote walikuwa wametupwa pamoja na maiti zao.

Mbele ya bodi Laurenti alisimama akasema, "Mashine haikukosea. Ilitii sheria, na sheria niliiandika mimi." Akakaa. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, nimewapelekea wengi chai. Sentensi hiyo huwa hawaijui.

Aprili ilipokwisha alisaini, kwa sababu sasa palikuwa na cha kusaini. Wengi walikuwa wamevuka. Waliokuwa hawajavuka walikuwa Kibarazani, na majina yao, na sababu zao. Salfa ikapakiwa. Warda akapata mifuko yake, akapulizia, na mikorosho ya Salima Mkwanda ikazaa kama kawaida ya mikorosho iliyotunzwa. Alinitumia korosho za kubanika. Laurenti hakutumiwa, lakini nilimgawia.

Mngedhani yameishia hapo. Mwaka huu, Laurenti akiwa anahesabu wiki zake, likaletwa pendekezo kwenye mkutano mkuu. Lilisema hivi: mtu yeyote atakayekaa Kibarazani zaidi ya siku tisini afutwe moja kwa moja, ili mfumo uwe safi. Walioleta walikuwa na sababu zao, na mchoro ukutani. Laurenti ni mtumishi, hana kura. Mwenyekiti aliomba watumishi wasiseme mpaka waulizwe, na hakuna aliyemwuliza. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, kofia magotini. Nilimwona akiikunja ile kofia mpaka ikawa kama chapati. Kila alichokifanya, zile safari zote na ile sahihi aliyoizuia, vilikuwa vinakwenda kuamuliwa na watu wengine, yeye akitazama.

Mjumbe wa Njinjo akaomba nafasi. Tangu mwaka jana mjumbe wa Njinjo ni Warda.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi ni yule marehemu."

Ukumbi ukacheka. Akangoja wamalize.

"Mwaka juzi mfumo wenu ulikuwa safi sana. Ulikuwa safi kwa sababu sisi hatukuwemo. Siku tisini mnazozisema, kwetu Matandu ukijaa hakuna karani anayevuka. Kwa hiyo mtu atafutwa kwa kosa la mto. Mimi sina mchoro. Naomba pendekezo lile libadilishwe, iandikwe hivi: hafutwi mtu kabla hajaendewa."

Mjumbe mmoja akanong'ona kwamba hiyo ni kazi kubwa. Warda akamsikia. "Ndiyo, kaka. Hata kupanda mkorosho ni kazi kubwa, mbona umepanda?"

Mwenyekiti akaita mikono. Kipatimu wakainua wote. Miteja, wakiongozwa na Bashiru, waliinua mikono miwili miwili wakaambiwa washushe mmoja mmoja. Warda aliinua wake juu kabisa, na katibu akauhesabu, mkono wa mtu ambaye mashine yetu ilikuwa imemzika. Pendekezo la Njinjo likapita kwa kishindo na sasa ni kanuni ya ushirika.

Nilimtafuta Laurenti kiti cha nyuma, hayupo. Alikuwa ametoka nje kwenda kukagua pikipiki ya mtu mwingine. Aliikagua muda mrefu, na alirudi macho mekundu akilaumu vumbi. Siku ile ilikuwa imenyesha.

Basi, Bwana Laurenti. Kwa niaba ya ushirika, tunakushukuru kwa mizani isiyo na ndugu, kwa kadi ulizoziokoa na mchwa, kwa vijana uliowafunza, na kwa neno moja ulilolisema siku ambayo kulisema kulikuwa na gharama. Tunamshukuru pia Natalia, aliyekuazima kwetu miaka yote hii. Sasa tunakurudisha kwake. Umetumika, lakini bado uko mzima.

Mezani kwako atakaa Debora, huyu huyu anayeandika ninavyosema, na sasa hivi anataka kulifuta hili lakini sitamruhusu: ni mkali kuliko wewe. Kibarazani leo wapo watu kumi na mmoja. Jumatatu anapanda Kipatimu kuwauliza wanne wa kwanza, na Bwana Boniface amesaini mafuta ya pikipiki bila kuuliza.

Mungu akupe kiuno kipya, mtani, au akupe godoro jema kwa hicho ulichonacho. Akupe mikorosho isiyouona ubwiriunga, wajukuu wenye kelele, na asubuhi ambazo hakuna anayekusubiri mlangoni na malalamiko. Uishi kwa raha, na usije ofisini kutuchungulia. Kazi uliyotuachia haijakwisha, na hatutaimaliza kwa kufuta.